Vipande vya Akina Mama wa Makindu

Kipande, yaani kitambulisho cha serikali, kilikuwa kitu cha wanaume. Babu yangu alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, kama walivyolazimishwa wanaume Waafrika wa rika lake tangu mwaka wa 1920 hivi, na hata kikebe kilipoondolewa mwaka wa 1947, serikali iliendelea kuwaandika wanaume peke yao. Mwanamke wa Kenya aliingia katika sheria ya uandikishaji wa watu mwaka wa 1978. Vitambulisho vipya vikaanza kutolewa mwaka wa 1980, na ndipo akina mama wa Makindu, siku hizo tukiwa bado chini ya Wilaya ya Machakos, walipotangaziwa barazani waje waandikwe.

Nilikuwa msichana aliyeacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo. Karani aliyeletwa hakujua Kikamba, na akina mama wengi, hasa wazee, hawakuwa na Kiswahili cha kujibu maswali ya serikali. Naibu wa chifu akaniita nikae kwenye benchi kando ya karani, niulize kwa Kikamba na nimjibu kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila jina lililoandikwa pale lilipita masikioni mwangu kabla ya kufika kwenye karatasi. Siku hizi nawasikia vijana wetu wasomi wakisema kwamba kipande ndicho kilichoua majina ya Wakamba. Mimi niliyeketi pale niliona jambo jingine, nami nalisema sasa kwa sababu waliosimama kwenye foleni ile wamebaki wachache.

Ieleweke kwanza kwamba mwanamke aliyeolewa hakuitwa jina lake. Aliingia kwa mumewe akaitwa mke wa fulani, akazaa, akawa Mama Kioko au Mama Mutuku hadi anazikwa. Jirani aliyelima naye na kuteka naye maji miaka nenda miaka rudi aliweza asijue huyu mwenzake alipewa jina gani kwao. Yeye naye hakulitamka jina la baba mkwe wake. Na kwa kuwa desturi inataka mtoto wa kwanza wa kiume aitwe kwa jina la babu yake mzaa baba, mama huyo alitafuta njia nyingine ya kumwita mwanawe mwenyewe. Nilimwona mama yangu akiishi hivyo na sikushangaa.

Basi karani aliposema, "Muulize jina lake," nami nikauliza, mama wa kwanza alijibu bila kusita, "Mama Kioko."

"La kwako, mwaitũ," yaani mama, nikamwambia.

Akashika ncha ya leso yake, akageuka kuwatazama waliokuwa nyuma, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mueni."

Foleni nzima ikashangilia. Mueni ni mgeni, na wanawake hawakutaka kusikia jina tupu, walitaka kujua ni wageni gani. Mama yule akaeleza hapo hapo, akiwa amempa karani mgongo, kwamba jamaa za baba yake walifika usiku kutoka Kitui wakitafuta malisho, na mamake akashikwa na uchungu wakati ugali wa wageni ungali mekoni. Alikuwa na nywele za mvi. Miongoni mwa wanawake waliokuwa wakimsikiliza palikuwa na mke mwenziwe, ambaye alikuwa ameishi naye boma moja tangu ujana wao, na ndiyo kwanza alikuwa analisikia jina hilo na kisa chake.

Tangu hapo hakuna aliyetaja jina lake bila kulitolea habari. Nduku alisema alizaliwa usiku. Mwongeli alisema yeye ni nyongeza, maana mamake alidhani amemaliza kuzaa. Syokau alizaliwa watu wakiwa vitani. Kuna aliyeitwa Mwende, anayependwa, akasema kwa fahari kwamba baba yake alikuwa na wavulana watupu na alikuwa akimwomba Mungu binti. Karani alitaka neno moja la kujaza kwenye fomu, akina mama wakampa mkasa mzima. Alikuwa mtu mvumilivu. Aliniambia nifupishe, lakini kalamu aliiweka chini akasubiri mpaka wamalize, na mara nyingine aliniuliza, "Amesema nini hapo walipocheka?"

Nyanya yangu, ambaye sisi twamwita susu, alinifafanulia jioni ile kwa nini wanawake walichangamka hivyo. Kwa desturi ya zamani mtoto wa Kikamba hupewa jina siku ya tatu. Mbuzi huchinjwa, watu huja kufurahi, na wanawake ambao wamekwisha kuzaa hukutana wakamtolea mtoto jina. Siku ya nne baba humvika mkufu. Kabla ya hapo mtoto huhesabiwa kuwa bado yuko mikononi mwa roho, hajawa mtu kamili wa nyumba ile. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931, aliyaandika haya katika kitabu chake juu ya dini na falsafa ya Kiafrika kilichotoka mwaka wa 1969, na nilipokuja kukisoma nikiwa mtu mzima nilimkuta susu mle karibu neno kwa neno. Kwa hiyo jina lilikuwa kazi ya wanawake, na wenye kushuhudia kwamba limetolewa kwa haki walikuwa ni wao. Pale kwenye kivuli cha ofisi ya chifu walikuwa wakiifanya tena kazi yao.

Sehemu ya fomu iliyotushinda mapema ilikuwa ni mwaka wa kuzaliwa. Cheti hakuna, na waliobatizwa utotoni walikuwa wachache. Hapo ndipo nilipojua kwamba Wakamba tuna kalenda, nayo ni ya njaa. Kila yũa, yaani kila njaa kubwa, ina jina lake. Ile ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, iliyofuatana na tauni ya ng'ombe na ndui wakati reli ikipita nchini mwetu, ni Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Kisha kuna Yũa ya Makonge, watu walipokata mkonge na kuuza nyuzi wapate unga. Ya mwaka wa 1961 ni ya Ndeke, kwa sababu ndege zilidondosha chakula. Ya mwaka wa 1965 ni ya Atta, kwa ule unga wa mahindi ya njano uliotoka Marekani.

Mwanamke aliyeitwa Wayua, mtoto wa njaa, alikuwa tayari na nusu ya jibu kwenye jina lake. Kilichobaki ni kumwuliza njaa ipi. Kama ni ya Makonge, karani aliandika mwaka wa njaa hiyo, na hakuna aliyebisha. Kwa asiyekuwa Wayua tulizunguka kidogo. Tulimwuliza alikuwa na ukubwa gani Makonge ilipoingia. Je, alikuwa amebebwa mgongoni, alikuwa akichunga mbuzi, au alikuwa amekwisha kuolewa? Wenziwe kwenye foleni walimsahihisha wakijua alitahiriwa au aliolewa pamoja na nani, na ubishi ulikuwa mkali, kwa maana hakuna aliyetaka kuandikwa mdogo kuliko mtu aliyezoea kumwamkia.

Wasichana wawili siwasahau. Walikuwa majirani, wote ndio kwanza wamefikia umri wa kuandikwa, wote wazaliwa wa mwaka wa 1961. Mmoja aliitwa Wayua na mwingine Mumbua. Karani alipouliza majina hayo yana maana gani, akaambiwa la kwanza ni la njaa na la pili ni la mvua, alidhani mmoja wao amekosea mwaka. Hakuna aliyekosea. Mwaka ule ulianza kwa ukame ulioleta njaa, na ulimalizika kwa mvua iliyobomoa madaraja. Wayua alizaliwa njaa ikiwa imeshika, Mumbua alizaliwa mto Makindu ukiwa umevuka kingo. Mama zao walikuwepo wakaeleza, kila mmoja na sehemu yake ya mwaka. Sijaona kitabu cha historia ya mwaka ule kilicho sahihi kuliko wale wasichana wawili wakiwa wamesimama pamoja.

Majina mengine yalisemwa kwa sauti ya chini. Musyoka na dada yake Kasyoka ni mtu aliyerudi, na mara nyingi hupewa mtoto aliyemfuata marehemu. Mbiti ni fisi. Nyumba iliyozika watoto mfululizo ilimwita anayefuata jina la mnyama ambaye hakuna anayemtamani, ili mauti impite. Mama mmoja alinitajia jina la namna hiyo, kisha akaniambia kwa Kikamba nisimtafsirie karani. Sikumtafsiria, na hata leo silitaji.

Mjomba wangu alikuwa amesomea kilimo cha pamba Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, enzi za Usovieti. Nilipomsimulia habari za mama yule alitikisa kichwa, akasema huko alikosoma majirani zake wangemwelewa mara moja. Mwuzbeki aliyezika watoto humwita anayefuata Tursun, yaani na abaki, au O'lmas, asiyekufa, au To'xtasin, yaani vifo na vikome. Wengine huitwa Bolta, shoka, wawe wagumu kama chuma, au Qo'chqor, kondoo dume. Nasi tuna Nthenge, beberu. Kisha akanieleza jambo lililonisaidia kuielewa fomu yangu. Wauzbeki nao hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa mwana wa fulani, basi. Walipotawaliwa na Warusi, makarani walichukua jina la baba au la babu, wakalibandika kiambishi chao, na mwana wa Tursun akawa Tursunov, binti yake Tursunova. Vilio vya mama mmoja vikawa jina la familia nzima ambayo haikuzika mtoto. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1991 baadhi yao wameacha kiambishi hicho, wakarudi kuandika o'g'li, mwana wa, na qizi, binti wa.

Kwetu jambo hilo lilifika kupitia nafasi ya tatu kwenye fomu. Karani aliuliza jina la ukoo. Akina mama wakajibu vizuri kabisa: huyu wa Atangwa, huyu wa Aombe, huyu wa Anzauni, huyu wa Amutei. Ukoo kwa Mkamba ndio huo, nao ndio unaokuambia usimwoe nani, lakini hauandikwi nyuma ya jina la mtu. Mtu ni Kioko wa Mutua, na mwanawe ni Wambua wa Kioko, na mjukuu ataendelea hivyo hivyo, jina la baba likimshika mtoto na kumwachia mjukuu. Karani akasema la, hakutaka huo ukoo, alitaka jina la baba au la mume.

Hapo foleni iligawanyika. Mabibi vijana wengi walitaka la mume, maana waliona ndiyo heshima ya kuolewa kanisani. Baadhi ya waume walikuwa wamesimama pembeni chini ya mti, nao walihakikisha wanasikika. Lakini wazee wa kike wengi walikataa. Mmoja alisema alizaliwa na Wambua, hakuzaliwa na mumewe, na kama serikali inataka kujua alitoka wapi basi iandike Wambua. Mumewe alikuwa pale. Alinyamaza, na likaandikwa hivyo.

Kilichowashangaza wote ni hali ya jina la ubatizo. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Nzaui, milima ile unayoiona ukiwa barabara ya Wote, mwaka wa 1895, na kwa vizazi vilivyofuata wasichana wetu walibatizwa kwa majina machache yale yale: Mary, Ruth, Esther, Agnes. Wake watatu wa mzee mmoja walipofika pamoja, wawili walikuwa Mary, na wote watatu walitaka jina la mume. Kwenye karatasi wale wawili walikuwa mtu mmoja. Karani akalazimika kuuliza, "Jina la nyumbani?" Likaingia katikati, moja Nduku na jingine Mwikali, na ndilo lililowatenganisha. Ndiyo maana nasema yale niliyoyasema mwanzo. Jina ambalo ndoa ilikuwa imelifunika, na kanisa limeliita la kipagani, lilitolewa sandukuni na serikali kwa sababu bila jina hilo kazi ya serikali isingekwenda.

Waliotoka mbali, upande wa Kiboko na kuelekea Kibwezi, walikula mchana kwa Kalasinga. Hekalu la Masingasinga la Makindu lilijengwa mwaka wa 1926 na wafanyakazi wa reli, na mpaka leo msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa hupewa chapati, dengu na chai bila kulipa. Tunawaita Kalasinga kwa jina la mfanyabiashara mmoja wa kale, Kala Singh, ambaye jina lake lilienea likawa la watu wake wote. Mzee mmoja wa hekaluni alinieleza siku zile kwamba wanaume wao wote ni Singh, simba, na wanawake wote ni Kaur, binti mfalme, tangu mwaka wa 1699, Guru Gobind Singh alipotaka waumini wasijulikane tena kwa tabaka la kuzaliwa. Niliwatafsiria akina mama wakiwa na sahani mikononi. Walilipenda hilo la binti mfalme. Lakini mmoja aliuliza: kama wote ni Kaur, watajuaje nani alizaliwa njaa ikiwa imeshika? Mzee akajibu kwamba jina la kwanza la kila mmoja ni lake mwenyewe.

Herufi zilitupunguzia kitu, hilo nakubali. Kikamba chaandikwa kwa ĩ na ũ zenye mkia juu, na fomu haikuzipokea. Reli ilikuwa imekwisha kutufanyia hivyo zamani: Mũtitũ wa Ndei, msitu wa tai, ikawa Mtito Andei, na mji wa mzee Masaku ukawa Machakos. Nilipigania herufi nilizoweza, Syombua isiwe Siombua, na Mbithe isichanganywe na Mbiti, lakini vile vimkia vilibaki midomoni mwetu tu.

Mama ninayemkumbuka kuliko wote alikuja akiwa ameshika mkono wa bibi kizee. Jina lake akalitaja, la baba yake akalitaja. Karani akauliza la mume. Akaonyesha kidole kwa yule kizee. Karani akanitazama, nami nikamweleza habari ya iweto. Mwanamke asiyejaliwa mtoto, au aliyefiwa bila mwana, aweza kutoa mahari akaoa mwanamke mwenziwe, ili nyumba ya marehemu mumewe isifungwe. Watoto wa iweto ni wa nyumba ile, na huitwa kwa majina ya watu wa nyumba ile. Fomu haikuwa na nafasi hiyo. Karani akasema haiwezekani kuandika mwanamke mahali pa mume.

Bibi kizee hakuwa na Kiswahili, lakini alielewa. Alisogea mpaka kwenye meza akasema niandikishe jina la mume wake yeye, aliyekufa miaka mingi kabla ya iweto kufika bomani. Karani akauliza kama mtu huyo ndiye baba wa watoto. Kizee akajibu kwamba mkubwa wao ana jina la baba wa marehemu, kama desturi inavyotaka, na kwamba hilo linatosha kwa mtu yeyote mwenye kujua majina. Nilitafsiri yote, bila kufupisha. Likaandikwa. Kisha wote wawili wakachovya vidole kwenye wino, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa jina lake na jina la mwanamume yule yule.

Yaliyofuata kila mtu ameyaona. Jina la nafasi ya tatu limeganda. Mutula Kilonzo alipofariki mwaka wa 2013 akiwa seneta wa kwanza wa Makueni, kaunti yetu ya sasa, mwanawe alirithi kiti kwa jina lile lile zima, Mutula Kilonzo Junior, na tangu mwaka wa 2022 ndiye gavana wetu. Patrick Makau Musyoki alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka wa 2011, saa 2 dakika 3 na sekunde 38, watangazaji walilirudia neno letu la vita, Makau, mara nyingi kuliko lilivyopata kutajwa kabla ya hapo. Wajukuu zangu shuleni ni Wambua wote, jina la mvua, wa kike na wa kiume, na mmoja wao alizaliwa kiangazi kikali. Jina la katikati, hata hivyo, bado tunalitoa sisi wanawake, na wakwe zangu huniuliza mimi kwanza.

Mashamba ya upande wetu yalipokuja kupimwa, wengi walihangaika. Kipande kinasema hivi, daftari la ardhi linasema vile, na ofisi moja ilimrudisha mama mjane mara kwa mara kwa ajili ya herufi moja. Wana wa iweto walifika na kipande cha mama yao na cha yule kizee, aliyekuwa amekwisha kufa. Vyote viwili vilikuwa na jina la marehemu mwenye boma. Mkubwa wao alikuwa na jina la babu. Wazee wa ukoo waliitwa kutoa ushahidi, wakasema ndiyo, hii ni nyumba ile, na shamba likaandikwa kwao.